Leseni ya Mwuza Magari na Aibu Iliyofichwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na kuwaharamishia dhulma. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake.

Ama baad. Tumeletewa maswali mawili na watu wa huku kwetu Mkuyuni, chini ya milima ya Uluguru, na yote mawili yahusu biashara ya magari yaliyokwisha tumika. La kwanza ni hili: Serikali imeweka leseni juu ya wafanyao biashara, na imeweka ukaguzi juu ya magari yaingiayo nchini, je, Mwislamu auzaye magari pasi na leseni, kuuza kwake kwasihi au kwabatilika, na faida aipatayo ni halali au ni haramu? Na la pili ni hili: mwuzaji mwenye leseni, ambaye gari lake limekwisha kaguliwa na kupewa cheti, amemwandikia mnunuzi katika hati kwamba amemwuzia gari kama lilivyo, wala hana daraka la aibu yoyote itakayoonekana baadaye, je, ametoka katika dhima mbele ya Mwenyezi Mungu?

Tutaanza na la pili, kwani ndilo lenye uzito, na la kwanza halifahamiki vema illa baada yake.

Huenda msomaji wetu wa Pwani akasema, haya ya Mkuyuni yanihusu nini mimi? Yakuhusu, ndugu yangu, kwani magari hayazaliwi huku. Yashuka bandarini Dar es Salaam, mengi yao yatoka Japani, yakapangwa katika yadi za mjini, yakaoshwa na kung'arishwa. Kisha vijana wa huku wakachanga fedha za mdalasini na karafuu, za pilipili manga na ndizi, jasho la miaka mitatu minne, wakashuka nazo mjini, wakazitia mkononi mwa dalali ambaye mara nyingi ni Mwislamu mwenzao mwenye kofia na tasbihi. Wakarudi na Noah au Hiace, wakaanza kuchukua abiria baina ya Morogoro na Matombo, kwa njia ya Bigwa na Kiroka na hapa petu. Aijuaye njia hiyo ajua ya kuwa ni ya makona na miteremko. Breki yenye aibu haisemi neno katika yadi iliyo tambarare. Husema mteremkoni, na gari limejaa watu ambao hawakuwako siku ya kuuziana, wala hawakuulizwa kama wameridhia. Yadi ziko kwenu, milima iko kwetu.

Basi kwanza tufahamu aibu ni nini katika sharia, maana neno hili watu walitumia ovyo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni 1277 wa Kizungu, ameweka mpaka wake katika Minhaj. Muradi wa maneno yake ni kwamba aibu ni kila kinachopunguza dhati ya kitu au thamani yake, upungufu wa kumkosesha mtu makusudio yaliyo sahihi, ikiwa desturi ya vitu vya jinsi ile ni kutokuwa na upungufu huo. Sharti hili la mwisho ndilo lenye manufaa kwetu. Gari la miaka 15 likiwa na kiti kilichochakaa au rangi iliyopauka, hiyo si aibu ya kisharia, kwa sababu magari ya umri ule desturi yao ni hiyo, na mnunuzi atakaye kulirudisha kwa ajili hiyo ndiye mdhulumu. Lakini injini iliyopasuka ikazibwa kwa gundi ili isivuje wiki mbili, au gari lililozama katika mafuriko likakaushwa, au lililogongwa likanyooshwa chesisi, au breki zisizoshika mpaka ukanyage mara tatu, hizo ni aibu hata gari liwe la miaka 30. Asiseme mtu, "Gari limetumika, alitazamia nini?" Alitazamia lililotumika, hakutazamia lililokufa.

Na mbaya zaidi kuliko kunyamaza ni kupamba. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza mnyama wa maziwa afungwe chuchu siku kadhaa asikamuliwe, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ndiyo kawaida yake. Na aliyehadaiwa hivyo akampa khiyari ya kumweka mnyama au kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Mafakihi waita hila hiyo tasriya. Sasa itazame ile hila ya kurudisha nyuma hesabu ya kilomita. Gari limekwenda kilomita 240,000, na saa yake yasema 80,000. Ni nini hiyo kama si kiwele kilichofungwa? Tena wanachuoni wetu hawakusimama kwenye maziwa. Nawawi ametia katika hukumu hiyo maji ya mfereji au ya kinu yaliyozuiwa yakaachiliwa wakati wa kuuza, na mtumwa aliyepakwa wekundu usoni au kutiwa nywele weusi. Utumwa umekwisha, alhamdulillahi, lakini hukumu ya hila haikwisha nao. Na apigaye rangi mpya juu ya bati lililooza amemtia mzee nywele weusi.

Kisha Nawawi akalitoa jambo moja, nasi twapenda kulitaja kwa sababu wanunuzi nao wana uzembe wao. Mtumwa akiwa nguo yake imetiwa wino ili adhaniwe kuwa ni karani, mnunuzi hana khiyari, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Wino nguoni si maandishi. Angelimpa kalamu angelijua. Basi mtu aliyenunua gari kwa sababu limebandikwa kioo maneno makubwa ya kulisifu, asiliwashe wala asilete fundi, amjie kadhi akilia, hatuna la kumpa.

Ama maneno haya ya "kama lilivyo", si mapya. Mafakihi wayajua kwa jina la kuuza kwa sharti la baraa, yaani mwuzaji kujitenga na aibu zote. Kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu yetu ni kwamba sharti hilo lamwokoa mwuzaji katika jambo moja tu: aibu ya ndani, katika mnyama, ambayo yeye mwuzaji hakuijua. Lazima yote matatu yakusanyike. Imamu Shafi amelitaja sababu yake, kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na hali yake hubadilika, basi ni nadra kuepukana na aibu ya siri. Asili yake ni hukumu ya Sayyidna Uthman. Abdallah bin Umar alimwuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la baraa, kisha mnunuzi akadai kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Wakaenda kwa Uthman, naye akamtaka Ibn Umar aape ya kwamba siku ya kumwuza hakuwa akiujua ugonjwa huo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrejesha mtumwa wake. Akapona kwake, akamwuza tena kwa dirhamu 1,500. Ona pale sharti lilipokomea. Hati haikuulizwa imeandikwa nini. Aliulizwa mwuzaji, ulikuwa ukijua?

Mwanafunzi wetu mmoja mwenye akili alitujadili hapa. Akasema, gari nalo lafanana na mnyama: giaboksi imefungwa, hakuna aonaye ndani, leo yaenda na kesho yasimama, basi mwuzaji naye apewe msamaha ule. Twaiona qiyasi hiyo kuwa ni dhaifu, kwani mnyama hafunguliwi akafungwa tena, na gari lafunguliwa; fundi mwenye mkono mzuri na mashine yake ya kupimia ayajua ya ndani kwa saa moja. Lakini hata tukimkubalia, hakupata alichokitaka, maana aibu inayojulikana na mwuzaji haimo katika msamaha hata kwa mnyama. Na ni nani alijuaye gari kuliko mtu aliyelilaza yadini miezi minne, akalipeleka kwa fundi mara tatu?

Na cheti cha mkaguzi je? Cheti ni ushahidi wa siku moja, wa mtu aliyetazama alivyotazama. Mtume mwenyewe ametujulisha kwamba yeye huhukumu kwa anavyosikia, na kwamba aliyehukumiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Basi ikiwa hukumu ya Mtume haikihalalishi kitu kwa ajuaye kwamba si chake, itakuwaje karatasi ya mkaguzi wa bandarini ihalalishe breki mbovu kwa ajuaye kwamba ni mbovu?

Hujjatul Islamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ameileta katika Ihya habari ya Wathila bin al-Asqaa, Sahaba wa Mtume, nayo twaona inafaa ibandikwe katika kila yadi. Wathila alikuwa amesimama sokoni, mtu akauza ngamia kwa dirhamu 300, naye Wathila hakuwa akisikiliza mpaka mnunuzi akaondoka naye. Akamkimbilia, akamwuliza kama amemtaka ngamia kwa nyama au kwa kupanda. Akajibiwa, kwa kupanda. Akamwambia kwamba ameona tundu katika wayo wa ngamia yule, na kwamba hataistahimili safari. Mnunuzi akarudi, mwuzaji akapunguza dirhamu 100, akamkasirikia Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akamweleza kwamba alimsikia Mtume akisema kuwa si halali mtu kuuza kitu illa abainishe kilicho ndani yake, wala si halali kwa mwenye kujua kunyamaza.

Tuyazingatie mawili humo. Kwanza, swali la nyama au kupanda: gari la kukatwa vipuri lina hukumu yake na gari la kubeba abiria lina hukumu yake, na aibu isiyodhuru katika la kwanza yaua katika la pili. Pili, Wathila hakuwa mwuzaji wala dalali, wala hakupata hata dirhamu moja. Alikuwa mpita njia ajuaye. Basi fundi wa yadi aliyeziba injini kwa gundi, na kijana aoshaye magari aliyesikia mlio, nao wamo. Na kama mpita njia hakuruhusiwa kunyamaza, mtawala amewezaje kunyamaza?

Hapo ndipo tunapoifikia leseni.

Wako ndugu wanaosema kwamba serikali haina haki ya kutia mkono sokoni, na hoja yao ni kwamba bei zilipopanda Madina watu walimtaka Mtume awapangie bei, akakataa, akataja kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kukunjua na kubana riziki. Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini Mtume huyo huyo alipita kwenye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata unyevu. Akamwuliza mwenyewe, akajibu kwamba ilinyeshewa mvua. Akamwuliza kwa nini asiiweke juu watu wakaiona, akajitenga na mwenye kughushi. Mkono uliokataa kupanga bei ndio uliotiwa ndani ya rundo. Haya si mambo mawili yanayopingana. Bei yapanda kwa uhaba, na uhaba hauna mkosaji. Nafaka mbichi haifunikwi na kavu isipokuwa kwa mkono wa mtu.

Kutoka hapo ikatoka kazi ya hisba, ambayo Mawardi, Mshafii mwenzetu aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), ameifanyia mlango katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Muhtasibu hakungojea mashtaka kama kadhi. Alikwenda sokoni mwenyewe akatazama mizani na vipimo na ghushi. Naye Shayzari, katika karne ya 12 ya Kizungu, aliyewaandikia wahtasibu kitabu cha kazi yao, aliwataka madalali wa watumwa na wanyama wawe watu waaminifu, tena dalali asimwuzie mtu mpaka amjue au aletewe anayemjua, na aandike jina lake na sifa zake katika daftari, isije mali ikawa ya wizi. Hiyo ni nini illa leseni na kadi ya gari? Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar hakutaka mtu auze katika soko lao illa aliyefahamu dini. Leseni ya Umar ilikuwa ni ilimu. Leseni ya leo yatolewa kwa fedha na fomu. Tofauti hiyo twaikiri, na twaisikitikia.

Katika Tanzania leseni za biashara zina sheria yake, Na. 25 ya mwaka 1972. Shirika la Viwango lilianzishwa mwaka 1975, nalo ndilo lenye shughuli ya ukaguzi wa magari yaliyotumika. Mamlaka ya Mapato iliyoanza kazi mwaka 1996 ndiyo yenye kuandikisha magari na wenyewe. Na sheria ya ushindani ya mwaka 2003 yakataza maneno ya kumpotosha mnunuzi. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8, na Uganda tangu 2018 imekataza yaliyopita miaka 15. Tanzania haikukataza kwa umri, bali imezidisha ushuru kwa yaliyo makongwe. Sisi hatuoni umri kuwa ni kipimo kizuri sana, kwani mzee mzima ni bora kuliko kijana mgonjwa, lakini ni ijtihadi ya watawala na haina dhambi ndani yake.

Marekani walifika mbali zaidi, kisha wakarudi nyuma, na habari yao ina funzo. Mwaka 1981 tume yao ya biashara iliandika amri kwamba mwuza magari yaliyotumika abandike karatasi kiooni, ataje dhamana aliyoitoa na pia aibu anazozijua. Mwaka 1982 Bunge lao likaipinga. Amri iliyoanza kutumika mwaka 1985 ilibaki na karatasi na dhamana, na maneno ya kutaja aibu zinazojulikana yakaondolewa. Mtu akiandika "kama lilivyo" imetosha. Tazama: jambo ambalo Wathila aliona si halali mpita njia kulinyamazia, taifa kubwa limeona ni zito mno kumtwisha mwuzaji mwenyewe. Haya twayasema ili Mwislamu asidhani kwamba akiisha kutimiza kanuni ya serikali, yoyote iwayo, amemaliza. Kanuni ndiyo sakafu. Hakuna aishiye kwenye sakafu tu asiwe na kuta.

Na ghushi haimdhuru mnunuzi peke yake. Mwaka 1970 mwanachuoni wa uchumi wa huko huko Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la magari haya, na mwaka 2001 akapewa tuzo ya Nobel. Alieleza kwamba mnunuzi asiyeweza kutenga gari zima na bovu hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima akiona bei hiyo haimfai huliondoa sokoni. Yabakia mabovu, bei yashuka tena, na walio bora waliobaki waondoka pia. Mtume wetu amekwisha tujulisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka yao hufutwa. Hatusemi baraka ni hesabu ya uchumi. Lakini wafanyao biashara Pwani wanayajua haya kwa macho yao, kwamba siku hizi dalali mkweli haaminiwi kwa sababu ya wenzake.

Sasa jawabu la swali la kwanza. Asili katika madhehebu yetu ni kwamba katazo likirejea kwenye jambo la nje ya mkataba wenyewe, mkataba hausihi kuwa batili. Auzaye wakati wa adhana ya Ijumaa amefanya haramu, na kuuza kwake kwasihi. Vivyo hivyo auzaye gari bila leseni: gari ni mali yake, wenye kuuziana ni watu wazima wenye akili, bei yajulikana, basi mauzo yasihi na faida si haramu. Lakini amekosa, kwani amri ya mtawala yenye maslaha ya watu wote na isiyo na maasia yapasa kufuatwa, na sisi tulio katika nchi hii tumo katika ahadi zake, wala Mwislamu havunji ahadi. Yule mwenye leseni aliyeficha breki, naye mauzo yake yasihi na amekosa, tena kosa lake ni kubwa kuliko la mwenzake kwa mbali, na mnunuzi ana khiyari juu yake.

Watu wamesema, leseni hii ni maksi tu, ushuru wa dhulma. Twajibu: maksi ni mali ichukuliwayo pasipo haki. Ghazali aliruhusu watu watozwe fedha hazina ikiwa tupu na haja ya umma ikithibiti. Basi ada yenye kumlipa mkaguzi anayetia mkono katika rundo ina wajihi. Ama ofisa achukuaye fedha na asitazame gari, huyo si muhtasibu, na akitaka zaidi kwa siri ili cheti kitoke, hiyo ni rushwa, na mwenye kutoa ili gari bovu lipite ameshirikiana naye katika damu ya abiria. Makosa ya ofisa huyo hayamfungulii mwuzaji mlango.

Lililo bora kuliko leseni tupu ni dhamana. Katika jimbo la California mwuza magari rejareja hapewi leseni mpaka aweke dhamana ya dola 50,000, ili aliyedhulumiwa apate pa kurejea. Fiqhi yetu yaijua dhamana ya daraka: mtu humdhamini mwuzaji kwamba mali ikionekana ni ya mwingine, au yenye aibu, mnunuzi atarudishiwa fedha yake. Madalali wa Dar es Salaam na Tanga na Mombasa wenye kusali pamoja wanaweza kudhaminiana hivyo wao kwa wao bila kungoja Bunge, wakajulikana kwa hilo, na vijana wa huku wangeliwatafuta kwa majina.

Yabaki neno kwa mnunuzi, kwani huku Mkuyuni haki nyingi zapotea kwa kutojua. Khiyari ya aibu ni ya papo hapo. Ukigundua leo kwamba gari lina aibu ya tangu yadini, acha kulitumia leo, mpigie mwuzaji, weka mashahidi, na lirudishe kwa haraka iliyo ya desturi. Masika ikikata njia una udhuru. Ukigundua kisha ukaendelea kuchukua abiria mwezi mzima ili upate hesabu ya wiki, umeridhia, na haki ya kurudisha imekwisha. Huruhusiwi illa kuliendesha kwa kulirudisha kwenyewe, kama mafakihi walivyomruhusu mwenye mnyama mkaidi asiyekokoteka kumpanda njia ya kumrejeshea mwenyewe, na hilo pia ikiwa aibu si ya breki. Na likiwa limeharibika kabisa kabla hujajua, huna la kurudisha, lakini una fidia: litathminiwe bei yake likiwa zima na bei yake likiwa na aibu ile, nawe urejeshewe katika thamani uliyotoa sehemu iliyo sawa na upungufu huo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.